Homa ya Mafua Ikiwa Kali, na Vifaa Visivyolijua Joto Letu

(Hotuba kwa wanafunzi wa maabara, uuguzi na uhandisi wa vifaa tiba, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wauguzi na matabibu mliosafiri kutoka wilayani, na ninyi wanafunzi ambao hasa ndio nimewafuata leo, nawashukuru kwa kunialika.

Mwishoni mwa mwaka 2024 zilizagaa habari kwamba kuna ugonjwa usiojulikana unaoua watoto nchini Kongo. Vyombo vya habari vya nje vikauita ugonjwa X. Mahali penyewe ni eneo la afya la Panzi, mkoa wa Kwango, kusini-magharibi mwa nchi. Tusipachanganye na hospitali ya Panzi iliyoko Bukavu, ambayo wengi wetu tunaifahamu. Tarehe 8 Desemba Shirika la Afya Duniani lilitangaza wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Homa, kikohozi, kichwa kuuma, mwili kuishiwa nguvu, kisha kupumua kwa shida. Panzi iko takribani kilomita 700 kutoka Kinshasa. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara haipitiki vizuri, na vipimo vya maabara papo hapo havikuwapo, kwa hiyo sampuli zilibidi zisafiri. Mpaka katikati ya Desemba wagonjwa walikuwa wamefika 891 na vifo 48. Majibu yalipokusanywa yalionyesha malaria, homa ya mafua aina ya A ya kundi la H1N1, virusi vingine vya kawaida vya njia ya hewa, na juu ya yote hayo utapiamlo mkali.

Ugonjwa mpya haukuwapo. Watoto wale walikufa kwa maradhi ambayo kila mmoja katika ukumbi huu ameyasomea darasani. Dunia ilikaa wiki kadhaa ikiogopa kitu kisicho na jina, na jina lake lilikuwa kwenye vitabu vyetu muda wote. Hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nichague mada ya leo.

Mafua tumeyazoea. Mtu akikohoa tunamwambia atapona, na kweli wengi hupona. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu bilioni 1 hivi hupata homa ya mafua, kati yao milioni 3 hadi 5 huugua vibaya, na 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa maambukizi ya mapafu yanayohusiana na homa hiyo, asilimia 99 wako katika nchi zinazoendelea. Nchi hizo ni pamoja na zetu. Mwaka 1918, lilipoanza janga la mafua lililoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani, ugonjwa uliingia Afrika Mashariki mwezi Septemba kupitia bandari ya Mombasa, ukapanda bara kwa reli na kwa miguu ya wapagazi na askari waliokuwa wakirejea makwao kutoka vitani. Watafiti wa Marekani walipochunguza upya tishu za mapafu za waliokufa wakati ule, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walikuta kwamba wengi walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya virusi.

Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto anaujua mwenendo huo hata kama hajausoma. Siku ya kwanza mtoto ana homa na pua inatiririka. Virusi vinaharibu utando unaolinda njia ya hewa. Siku ya nne au ya tano mama anasema alikuwa ameanza kupata nafuu, mara homa imerudi. Hapo bakteria wa kichomi wamekwishaingia palipoachwa wazi, au virusi vyenyewe vimeshuka hadi kwenye vifuko vya hewa na kuvijaza majimaji. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, tundu za pua zinatanuka, oksijeni kwenye damu inashuka. Mjamzito, mzee, mwenye virusi vya Ukimwi, mwenye kifua kikuu, mwenye selimundu, mwenye kisukari au pumu, wote hawa wako katika hatari ya kufika huko upesi kuliko wengine.

Siku hizi kunazungumzwa sana nyenzo mpya za tiba: chembe ndogo zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, tabaka za kaboni zenye unene wa atomu moja, fuwele zenye vijitundu, plastiki zinazoyeyuka mwilini. Napenda kuzisoma, na nina matumaini nazo. Ila ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kwa mgonjwa wa mafua makali wa huku kwetu, nyenzo yoyote itafaa kwa kiasi kile tu ambacho joto letu, unyevu wetu, umeme wetu, umbali wetu na ngozi yetu viliingizwa kwenye mahesabu tangu ilipokuwa inabuniwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa vifaa tiba, mgeni haponyi mpaka mwenyeji amweleze nyumba ilivyo, na kazi hiyo ya kumweleza ni yenu.

Nianze na kipimo. Kila mmoja wenu ameshika kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu na mstari mwekundu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni dhahabu. Dhahabu ikisagwa hadi chembe za nanomita makumi machache haing'ai tena kwa rangi ya pete. Mwanga unazisukasuka elektroni zake kwa namna inayofanya macho yetu yaone nyekundu. Michael Faraday alionyesha rangi hiyo huko London mwaka 1857, bila kujua kwamba siku moja ingesomwa chini ya mwembe kwenye zahanati. Chembe hizo huvikwa kingamwili, kingamwili hukamata protini ya kidudu, na zikijikusanya mahali pamoja mstari unaonekana. Nyenzo ya hali ya juu tunayo tayari mikononi. Inafanya kazi bila umeme, na ndiyo iliyobadilisha tiba ya malaria vijijini.

Kwa homa ya mafua vipo vipimo vya namna hiyo hiyo, vya kupaka pamba puani. Udhaifu wake ni mkubwa. Vile vya zamani hugundua asilimia 50 hadi 70 tu ya wagonjwa wenye virusi, ingawa vikisema mtu anavyo, mara nyingi ni kweli. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipandisha kiwango na kudai kipimo kigundue angalau asilimia 80. Baadhi ya watengenezaji hutumia chembe zinazowaka mwanga, kwa mfano zenye madini ya europiamu, pamoja na mashine ndogo ya kusoma mstari ambao jicho lisingeuona. Upande wa utafiti kuna vitambuzi vya grafini, ile karatasi ya kaboni ya atomu moja. Kirusi kikigusa kingamwili iliyobandikwa juu yake, mkondo wa umeme unabadilika na jibu linapatikana kwa dakika chache. Wakorea walikionyesha kitambuzi cha aina hiyo mwaka 2020 kwa virusi vya korona. Ni kazi nzuri ya maabara. Kwenye benchi la wilaya bado hakijafika.

Kilichofika ni GeneXpert, mashine ya kifua kikuu. Mashine ileile, ikiwekewa katriji nyingine, hupima homa ya mafua A na B, korona na RSV, kirusi cha njia ya hewa kinachowasumbua hasa watoto wachanga, kwa pamoja kutoka kwenye sampuli moja ya pua. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine hiyo. Ninaposikia mtu akisema hatuwezi kutambua mafua makali nje ya jiji, hili huwa jibu langu la kwanza. Bei ya katriji ni kikwazo, nakubali. Lakini tusiseme kifaa hakipo.

Mtaniuliza kipimo kina faida gani ikiwa tiba ni ileile. Tiba si ileile. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, inapunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, nasi tukaizoea. Leo mgonjwa yeyote anayehema kwa shida hupewa, karibu kwa mazoea ya mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2024 kuhusu homa ya mafua unashauri tofauti: kwa mafua makali, dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa ajili ya mafua yenyewe. Dawa inayopendekezwa kwa mgonjwa mahututi ni oseltamivir, ambayo imo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Inazuia kimeng'enya ambacho kirusi kipya hukihitaji ili kijinasue kwenye seli kilimozaliwa, na inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 za kwanza. Mgonjwa wa korona na mgonjwa wa mafua wanalala vitanda jirani, wana homa ileile, kikohozi kilekile, picha ya kifua inafanana. Mmoja deksamethasoni inamwokoa, mwingine huenda ikamdhuru. Anayeweza kuwatofautisha ni mtu wa maabara. Hivyo ninyi wa maabara msikubali kuambiwa kazi yenu ni ya nyuma ya pazia.

Sasa nije kwenye pumzi, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa kidogo.

Mgonjwa wa mafua makali anahitaji oksijeni kabla ya kitu kingine chochote. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na nitrojeni 78. Ile mashine ya kuzalisha oksijeni iliyoko wodini, inayounguruma kando ya kitanda, haitengenezi oksijeni, inaiondoa nitrojeni. Ndani yake kuna mapipa mawili yaliyojaa punje nyeupe za zeolaiti, madini yenye vijitundu vidogo kiasi cha molekuli. Zeolaiti za asili zinajulikana tangu mwaka 1756, alipozieleza Msweden aitwaye Cronstedt, lakini hizi za mashine hutengenezwa viwandani kwa vipimo makini. Hewa ikishindiliwa ndani, zeolaiti inaikamata nitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Baada ya sekunde chache shinikizo linaondolewa, nitrojeni inatoka nje, na pipa la pili linashika zamu. Kwa kupokezana hivyo inapatikana oksijeni ya asilimia 93 hivi, usiku kucha, bila kusubiri gari la mitungi.

Zeolaiti ina adui mmoja ambaye sisi wa pwani na wa ziwani tunalala naye: unyevu. Inayapenda maji kuliko inavyoipenda nitrojeni. Mvuke ukipenya, vijitundu vinajaa maji, na nitrojeni inakosa pa kukamatwa. Mashine inaendelea kuunguruma vilevile, taa yake inawaka vilevile, mrija umo puani mwa mtoto, na kinachotoka ni hewa isiyotosha kumwokoa. Mashine iliyolazwa stoo miezi mingi bila kuwashwa inaweza kuharibika kabla haijamhudumia mgonjwa hata mmoja. Baada ya korona nchi zetu zilipokea mashine hizi kwa wingi. Wahandisi vijana, nawaombeni mkifika kazini mtafute hizo mashine kabla hamjaagiza mpya. Ziwasheni. Pimeni kiwango cha oksijeni kwenye mdomo wa mrija kwa kipima oksijeni, msiridhike na taa ya kijani. Kipima hicho kinagharimu kidogo sana kikilinganishwa na mashine, na bado hospitali nyingi zinanunua mashine bila kukinunua. Vichujio vya hewa visafishwe kwa ratiba, maana vumbi letu si la nchi za baridi. Na ninyi mtakaoingia kwenye utafiti: zeolaiti inayostahimili unyevu, au tabaka la kukausha hewa lililobuniwa kwa ajili ya Tanga, Lamu au Kisumu, ni kazi ya shahada ya uzamivu yenye faida kuliko nyingi ninazozisoma.

Kwenye pumzi hiyohiyo kuna kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni ya damu. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kupitia kidole, kinalinganisha jinsi damu inavyoumeza. Wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, na limeokoa maisha yasiyohesabika. Lakini Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha usomaji wa kibanio na vipimo vya damu ya ateri. Pale kibanio kiliposema oksijeni ni asilimia 92 hadi 96, yaani hali si mbaya, damu yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, inaumeza mwanga, na kifaa kilirekebishwa kwa watu ambao wengi wao hawana ngozi yetu. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka vifaa hivi vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi tofauti.

Tafakarini hilo vizuri. Kikomo tunachotumia kuamua nani apewe oksijeni ni asilimia 90, na chombo kinachotuonyesha kikomo hicho kinaweza kukosea kwa ngozi ya karibu kila mgonjwa tunayemhudumia. Sisemi mkitupe, bila hicho tuko gizani zaidi. Nasema mtoto anayevuta mbavu na kukataa kunyonya, kibanio kikiwaambia 93, mwaminini mtoto. Angalieni ulimi na ufizi, kwa kuwa rangi ya bluu kwenye midomo na kucha zetu huchelewa kuonekana. Na mnaponunua vibanio, dai maandishi yanayoonyesha vilijaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mtengenezaji asiye na maandishi hayo aambiwe hivyo, kwa barua.

Kuhusu mapafu ya nje ya mwili, ile mashine inayoitoa damu, kuipitisha kwenye nyuzi za plastiki zenye uwazi ndani, kuitia oksijeni na kuirudisha, sitasema mengi. Ilisaidia wagonjwa wengi wa H1N1 mwaka 2009 huko Australia na New Zealand. Inahitaji timu kubwa, damu ya akiba na fedha nyingi. Hospitali ya wilaya ambayo oksijeni inakatika umeme ukikatika haina sababu ya kuanzia huko.

Kwenye dawa, chembe za nano zinaahidi jambo la kuvutia: kuifikisha dawa kwenye pafu lenyewe badala ya kuizungusha mwili mzima. Mwaka 2021 watafiti wa Atlanta walichapisha kazi ambapo panya walivutishwa mvuke wenye chembe za polima, ndani yake kukiwa na maelekezo ya kutengeneza protini inayokata chembe za urithi za kirusi cha mafua. Virusi vilipungua mapafuni. Ni panya, si watu, na safari kutoka kwa panya hadi wodini ni ndefu na wengi huishia njiani. Lakini ona pia kwamba dawa ya kuvuta kwa mvuke haihitaji sindano.

Chanjo ndiyo inayonipa matumaini makubwa zaidi. Chanjo za korona za mRNA, yaani maelekezo ya kijenetiki ya kutengeneza protini, zilizofungwa ndani ya chembe za mafuta, zilitufundisha mengi, na baadhi yake zilitaka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Tunajua ilivyokuwa. Sasa kuna viraka vyenye sindano ndogo mno zisizofika hata milimita moja, zilizotengenezwa kwa vitu vinavyoyeyuka mwilini, chanjo ikiwa imekaushiwa humohumo. Jaribio la kiraka cha chanjo ya mafua kwa watu wazima 100 huko Atlanta lilichapishwa mwaka 2017. Kinga iliyopatikana ilifanana na ya sindano ya kawaida, na chanjo ile ilikaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 bila kuharibika. Nyuzi 40! Hilo ni joto la chini ya bati mchana wa Februari. Mwaka 2024 kukaja matokeo kutoka Gambia, kwenye ardhi ya Afrika: kiraka cha surua na rubela kilichojaribiwa kwa watu wazima, kisha watoto, kisha wachanga, na zaidi ya asilimia 90 ya wachanga wakapata kinga ya surua kwa dozi moja. Kuna pia zile fuwele za metali na viungo vya kaboni zilizowapa Kitagawa, Robson na Yaghi tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025; mojawapo, yenye zinki, inaweza kuota kuizunguka protini na kuikinga na joto. Bado ni ya maabara, lakini swali inalojibu ni la kwetu.

Gambia waliingiza joto lao na watoto wao kwenye jaribio mapema. Sisi tukisubiri bidhaa ikamilike ndipo tuijaribu, tutapokea tena kibanio kilichorekebishwa kwa ngozi ya wengine na mashine isiyojua unyevu wa baharini.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kazi. Mtakaporudi vituoni, kwa kila mgonjwa aliyelazwa kwa shida ya kupumua ambaye kipimo chake cha malaria hakina mstari wa pili, msimwandike tu nimonia na kufunga faili. Chukueni sampuli ya pua mapema, siku za kwanza, ihifadhiwe kwenye baridi na ipelekwe. Aliye na mstari wa malaria pia achukuliwe, kwa sababu Panzi walikuwa na vyote viwili. Wahandisi, andikeni kila mwezi joto na unyevu wa chumba ilipo mashine ya oksijeni pamoja na asilimia inayotoa. Daftari la mwaka mmoja kutoka hospitali kumi lina uzito mbele ya mtengenezaji yeyote duniani, na mimi niko tayari kushirikiana na atakayelianzisha.

Mwenyekiti, nimemaliza. Ningeomba maswali yaanze na waliotoka zahanati na vituo vya afya, ndipo tuje kwa wa hospitali kubwa.